Chombo Kwanza, Ndoana Baadaye

Kumvua besi kwa mshipi katika Ziwa Naivasha ni raha na pia ni riziki. Lakini kabla hujamnunulia kijana wako ndoana, soma haya.

MSOMAJI mpenzi, ukibahatika kufika Kamere, ule mji mdogo ulioko kusini mwa Ziwa Naivasha, bila shaka utateremka hadi ufuoni kununua samaki. Utawakuta akina mama wakipara magamba, vijana wakishusha nyavu kutoka kwenye boti za mbao, na furukombe wakingojea juu ya miti waokote kilichoanguka. Samaki wengi utakaowaona pale wameletwa na wavu. Hata hivyo, wako wengine wachache ambao hawakuletwa na wavu. Wamekuja mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na tundu dogo mdomoni. Hao wamevuliwa kwa mshipi, na wengi wao ni besi.

Uvuvi wa aina hii una wapenzi wake duniani kote. Katika nchi za baridi kama Kanada na kaskazini mwa Marekani, watu huingia ziwani na kayaki, yaani kile chombo chembamba cha mtu mmoja kinachosukumwa kwa kafi yenye bapa pande mbili. Huko humtafuta samaki aitwaye trauti wa ziwani. Mvuvi huteremsha chambo bandia chenye uzito hadi karibu na sakafu ya ziwa, kisha hukipandisha na kukishusha, kukipandisha na kukishusha, hata samaki adhani ni kisamaki kilichojeruhiwa. Kazi yote ni hiyo: kuchezesha chambo.

Je, mchezo huo unawezekana kwetu? Naam, unawezekana. Lakini si kwa samaki yule, wala si kwa chombo kile. Mtu asiyeielewa tofauti hii anaweza kuilipa kwa roho yake. Ndiyo maana leo tunataka tukueleze mambo haya kinaganaga, wewe pamoja na jamaa yako, kabla hamjaamua nani aingie majini na aingie vipi.

TRAUTI WA ZIWANI NI NANI?

Kwanza tumwondoe njiani huyu mgeni. Trauti wa ziwani ni samaki wa maji baridi sana. Hupendelea maji ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na jua la kiangazi likipasha maji ya juu, yeye hushuka chini kabisa, mita 20, 30 au hata zaidi. Ana uwezo wa kukua mno. Mwaka wa 1995, katika Ziwa Great Bear nchini Kanada, alinaswa mmoja mwenye uzito wa zaidi ya kilo 32. Huo ni uzito wa mtoto wa shule!

Ziwa Naivasha halimfai hata kidogo. Ingawa liko juu sana, karibu mita 1,890 kutoka usawa wa bahari, maji yake huwa ya nyuzi 20 na zaidi karibu mwaka mzima. Tena sehemu kubwa ya ziwa ni ya kina kifupi, mita chache tu. Penye kina kirefu ni pale kando ya Kisiwa cha Crescent, ambapo maji yamejaa katika shimo la volkeno ya kale.

Kenya ina trauti wake, ndiyo, lakini ni wa mito. Trauti wa rangi ya kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka wa 1905 na kutiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua. Hao wote hukaa kwenye mito yenye maji baridi na ya kasi huko juu milimani. Basi mtu akikuambia amevua trauti Kamere, mtazame mara mbili.

BESI NAYE ALITOKA WAPI?

Samaki anayeuitikia mchezo wa chambo katika Naivasha ni besi, yule mwenye mdomo mpana, mgongo wa kijani uliokoza na mstari mweusi ubavuni. Huyu naye si mzaliwa wa hapa. Kwao ni Marekani. Aliletwa Naivasha mwaka wa 1929 kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa kujifurahisha.

Kwa hakika, msomaji, karibu kila samaki unayemla kutoka ziwa hili ni mgeni. Hapo kale ziwa lilikuwa na kisamaki kimoja tu cha asili, kidogo kama kidole, ambacho kilionekana kwa mara ya mwisho mwaka wa 1962. Tilapia wa kwanza waliletwa mwaka wa 1925, na wengine wakafuata mnamo miaka ya 1950. Kamba wa maji baridi kutoka Louisiana walitiwa ziwani mwaka wa 1970. Halafu wakaja kapi, yule samaki wa magamba makubwa na sharubu fupi mdomoni, ambaye alianza kuvuliwa hapa mwaka wa 2001. Mwaka wa 2011 ikawa zamu ya tilapia wa Nile. Kambare naye hakukawia kujitokeza.

Katika umati huu wote, besi ndiye mwindaji. Hali majani wala hachimbi tope. Hujibanza kando ya mafunjo, chini ya gugu maji au penye kisiki kilichozama, akatulia tuli kama paka mlangoni pa panya. Kisamaki kikipita, au kamba akitambaa, hufungua mdomo wake mpana na kumvuta ndani pamoja na maji. Jambo moja ulishike sana: besi huwinda kwa macho. Asipoona, halengi. Tutalirudia jambo hili hapo mbele, kwa maana ndilo linaloamua kama mchezo huu utakuwapo kwa wajukuu wetu.

NAMNA YA KUCHEZESHA CHAMBO

Vifaa si vingi. Unahitaji ufito wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, uzi wa nailoni ulio imara, na chambo bandia. Asiye na ufito anaweza kutumia mkono mtupu na kibao cha kuzungushia uzi; wengi wamelea watoto kwa kibao hicho hicho. Chambo chenyewe ni ndoana yenye chubwi, yaani kipande cha risasi cha kuzamisha, iliyofunikwa kwa manyoya, nyuzi au mpira laini uliokatwa mfano wa kisamaki.

Rangi gani? Kumbuka besi anakula nini. Kwa kuwa kamba ni chakula chake kikubwa hapa, rangi ya hudhurungi au nyekundu iliyofifia humdanganya vizuri. Maji yakiwa na ukungu, tumia rangi nyeusi. Kivuli chake huonekana upesi zaidi kuliko rangi nyingine.

Ukishafika mahali pake, fuata hatua hizi:

Kwanza, teremsha chambo hadi chubwi iguse chini. Utajua imegusa kwa sababu mshipi utalegea.

Pili, kunja uzi kidogo hadi ukazike, kisha inua ncha ya ufito taratibu, kadiri ya futi moja au mbili. Usivute kama mtu anayeng'oa muhogo. Chambo kinatakiwa kiruke kama kitu chenye uhai.

Tatu, kiache kishuke. Lakini kishuke mshipi ukiwa umekazika kidogo mkononi mwako, si kwa kulegea ovyo. Hii ndiyo siri ya mchezo wote. Besi mara nyingi hakishambulii chambo kinapopanda, hukimeza kinapoanguka. Uzi ukiwa umelegea hutajua lolote, naye atakitema kabla hujazinduka.

Nne, tulia. Hesabu moja hadi tano, kisha inua tena. Wanaoanza huharakisha, na haraka haraka haina baraka.

Ukihisi mguso mdogo, mfano wa mtu anayekugonga kidole, au ukiona uzi unakwenda upande wakati hukuuvuta, inua ufito kwa nguvu. Besi akinaswa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa ili aiteme ndoana. Usimlegezee uzi hata kidogo. Akichoka, mvute karibu na umshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Mdomo wake hauna meno ya kukata. Unakwaruza kama msasa. Jihadhari zaidi na miiba ya pezi la mgongoni.

Saa nzuri ni alfajiri jua linapochomoza, na jioni linapoelekea kutua. Saa hizo ndizo nzuri kwa besi. Lakini ndizo pia saa za mwenye ziwa, na sasa tufike kwake.

ZIWA LINA WENYEWE

Katika maziwa ya Kanada, mvuvi wa kayaki huogopa baridi na mawimbi. Naivasha, pamoja na mawimbi, kuna kiboko. Kayaki nyingi zina uzito wa kilo 20 au 30 hivi. Kiboko aliyekomaa ana kilo 1,500, na dume kubwa huzidi hapo kwa mbali. Akiinuka chini ya chombo chako, hakutakuwa na mjadala.

Tena kayaki ina aibu tatu kwa kiboko. Haina mlio wa kumwonya. Iko chini sana, hivyo mvuvi huwa ameketi karibu usawa wa maji na haoni mbali. Na ukitaka kukimbia, una mikono yako miwili tu. Wainuiti wa nchi za barafu, ambao ndio waliobuni kayaki kwa mifupa na ngozi za wanyama, walitaka chombo kisicho na sauti ili wamnyemelee sili. Kwa kiboko, kumjia kimyakimya ndiyo hatari yenyewe, kwani mnyama aliyeshtuliwa hujitetea.

Jua tabia zake. Usiku kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi nchi kavu. Alfajiri hurudi, na mchana hushinda katika maji mafupi kando ya mafunjo. Hivyo basi, pale pale anapojificha besi ndipo anapolala kiboko. Kiboko mwenye ndama hana msamaha. Na anaweza kukaa chini ya maji dakika tano bila kupumua. Kwa hiyo maji matulivu si ushahidi kwamba hayupo. Ukiona mapovu yakipanda mfululizo, au mafunjo yakitikisika bila upepo, ondoka.

Adui wa pili ni upepo. Jina lenyewe Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka. Wazee hawakulitoa bure jina hilo. Asubuhi ziwa huwa kama kioo, lakini mchana upepo huvuma na mawimbi huinuka ghafla. Vyombo vidogo vilivyokwenda mbali asubuhi hushindwa kurudi alasiri.

Kwa sababu hizi ushauri wetu ni mmoja: ukitaka kuchezesha chambo Naivasha, panda boti ya mbao au ya plastiki ngumu iliyo pana, yenye injini na nahodha wa hapo hapo ufuoni. Kabla ya kulipa, muulize: "Mzee, viboko leo wamelala wapi?" Nahodha wa kweli atakujibu papo hapo, kwa sababu huamka akilijua jambo hilo kama vile wewe unavyojua kituo chako cha matatu. Akibabaika, tafuta mwingine.

Vaa jaketi la kuokoa maisha. Si la kukalia wala la kufunikia samaki. Livae, ulifunge vifungo vyote, na watoto wavae yanayowatosha. Kaa angalau hatua mia moja mbali na kundi la viboko. Rudi nchi kavu kabla upepo wa mchana haujaanza. Na usiku, uwe na chombo gani, usiende.

WALE WANAOINGIA KWA MIGUU

Hadi hapa umesoma kuhusu mtu mwenye pesa za kukodi boti. Sasa tumwangalie yule asiye nazo, kwa sababu huenda ni mwanao.

Kamere ni mji wa vibarua. Wengi walikuja kufanya kazi katika mashamba ya maua yaliyopakana na ziwa. Kazi ikiwapo, mambo ni sawa. Kibarua kikiota nyasi, kijana hutazama upande wa pili wa barabara na kuona maji. Hana boti, hana wavu, hana leseni. Ana uzi na ndoana ya bei ndogo. Basi hukunja suruali, akajitosa katika mafunjo hadi kifuani, akavua akiwa amesimama.

Huyu ndiye anayefikiwa na kiboko kwanza. Yuko katika njia ya mnyama kutoka majini hadi malishoni, hawezi kukimbia ndani ya tope, na mafunjo yamemziba asione. Mara nyingi huenda usiku au alfajiri kuwakwepa askari wa doria, na hizo ndizo saa za kiboko kutembea. Hofu ya kukamatwa imemtoa kwenye mwanga ikampeleka gizani.

Maji yanapopanda, hatari huongezeka. Mwaka wa 2020 ziwa lilifurika na kumeza mashamba na nyumba zilizokuwa kando yake. Mwaka wa 2025 likafurika tena, na maelfu ya watu wakahama makwao katika mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha. Ziwa likisogea, kiboko naye husogea nalo, na njia zake hupita penye milango ya watu.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inataja fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Ni vyema uijue haki hiyo, na uripoti tukio haraka kwa polisi na kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Lakini fidia huhitaji fomu, vikao na subira ndefu. Na hata ikilipwa yote, mama atazikunja noti hizo aziweke wapi penye nafasi ya mwanawe?

Kwa hiyo wewe mzazi, usijifanye hujui samaki wa jioni ametoka wapi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kijana akileta besi watatu nyumbani na huku unajua hana boti, muulize kwa upole amesimama wapi alipowavua. Usimwite mwizi, njaa si wizi. Mwambie hivi: "Mwanangu, nashukuru kwa kitoweo, lakini afadhali tule sukumawiki wewe ukiwapo."

Kisha mtafute njia. Vijana wawili au watatu wanaweza kuungana wakajiandikisha na kikundi cha usimamizi wa ufuo, kile kijulikanacho kama BMU, wakaanza kama wapiga makasia katika boti ya mtu mwenye leseni. Mpiga makasia huwa na fungu lake katika mavuno. Si fungu nono, lakini hulipata mchana kweupe, akiwa amevaa jaketi, na askari wa doria akipita humsalimu. Maafisa wa Kikosi cha Walinzi wa Pwani, kilichoundwa mwaka wa 2018, hufika hadi ziwa hili ingawa liko mbali na bahari. Hao hawazuiliki kwa kujificha, ila kwa kuwa na karatasi.

Na wewe uliyekuja kwa kujifurahisha tu, usidhani sheria haikuhusu. Mvuvi wa mshipi naye huhitaji leseni. Vilevile kila mwaka huwa na miezi ambayo uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Ulizia tarehe katika ofisi ya uvuvi kabla ya safari.

NDOANA HUCHAGUA, WAVU HAUCHAGUI

Pengine utauliza: kwa nini tuhangaike na mshipi wakati wavu huleta wengi? Jibu ni kwamba wavu wa matundu madogo hukusanya baba, mama na kitoto. Mshipi humleta mmoja, akiwa hai, nawe una nafasi ya kumpima na kuamua. Mwaka wa 2001 ziwa hili lilifungwa mwaka mzima kwa sababu samaki walikuwa wamepungua vibaya. Wavuvi wa Kamere wenye umri mkubwa hawajausahau mwaka huo, maana sufuria nazo zilifungwa.

Besi ana tabia moja ya kuheshimiwa. Wakati wa kuzaa, dume huchimba kiota katika maji mafupi, jike akataga, kisha dume hubaki kulinda mayai na vifaranga. Hufukuza kila kinachokaribia, na ndiyo sababu hukivamia chambo chako kwa hasira hata kama hana njaa. Ukimtoa pale, tilapia na kamba watayamaliza mayai kabla hujamaliza kufunga ndoana nyingine. Hivyo ukiona besi mmoja anarudiarudia mahali pamoja kwenye maji mafupi, mwache. Ukimnasa kwa bahati mbaya, lowesha mikono, mtoe ndoana polepole, umrudishe pale pale.

Pia usitupe uzi uliokatika. Nailoni haiozi upesi. Humfunga furukombe miguu, na ndege akifungwa miguu hawezi kuwinda. Irudishe nyumbani ukaitupe panapostahili.

MAJI YAKICHAFUKA

Tulisema besi huwinda kwa macho, na kwamba tutarudi hapo. Kapi yeye hafanyi hivyo. Hula kwa kufukua tope kama nguruwe shambani, na kila anapofukua maji huchafuka. Katika muda wa miaka kumi hivi tangu aonekane, kapi alikuwa amewapita samaki wengine wote kwa wingi katika mavuno ya Naivasha. Amewalisha watu wengi, hilo hatumnyimi. Lakini maji ya tope humpofusha besi, na chambo chako hata ukikichezesha kwa ustadi gani hakitaonekana.

Kapi si mkosaji peke yake. Mto Malewa na Mto Gilgil hubeba udongo kutoka mashamba ya juu, upande wa Kinangop na kwingineko. Mkulima akilima hadi ukingoni mwa mto, mvua humchukulia udongo wake mzuri na kuutupa Naivasha. Kuna mpango ulioanzishwa ambapo watumiaji wa maji ya ziwa, yakiwemo mashamba ya maua, waliwapa wakulima wa juu kitu kidogo ili wapande mistari ya nyasi na kuzuia mmomonyoko. Nyasi hizo huwafaa ng'ombe wa mkulima, na udongo ukabaki shambani.

Wenzetu wa Marekani na Kanada wameonja uchungu wa mgeni asiyealikwa. Trauti wa ziwani tuliyemtaja alikuwa kitoweo na biashara kubwa katika yale maziwa makuu. Mifereji ya meli ikamfungulia njia kiumbe mfano wa mkunga, mnyonya damu, aingie kutoka baharini. Pamoja na kuvuliwa kupita kiasi, trauti akatoweka kabisa katika Ziwa Michigan kufikia miaka ya 1950. Mwaka wa 1955 nchi hizo mbili ziliunda tume moja ya pamoja kuyasimamia maziwa hayo, wakapata dawa ya kumpunguza mnyonya damu, wakafuga vifaranga na kuvirudisha majini. Katika Ziwa Superior trauti amerejea. Imewachukua muda wa mtu kuzaliwa na kupata wajukuu. Basi tusidhani ziwa likiharibika hutengenezwa kwa juma moja.

SAMAKI AKIFIKA NYUMBANI

Besi ana nyama nyeupe, ngumu kidogo, na hana vijimifupa vingi kama kapi. Kwa hiyo anawafaa watoto na wazee. Mpare magamba, mtoe matumbo siku hiyo hiyo, mchanje ubavuni na umpake chumvi na ndimu. Mkaange hadi awe na rangi ya dhahabu, au mtie katika nyanya, vitunguu na dania kidogo, uteremshe kwa ugali. Kichwa usikitupe, mchuzi wake ni mtamu.

Ndoana zitunze ndani ya mkebe wenye kifuniko, mbali na watoto. Zikimdunga mtu na kuzama, usizivute kwa nguvu. Mpeleke kwenye zahanati, na uulizie sindano ya kuzuia pepopunda.

Mwisho, msomaji mpenzi, kabla ya mtu wa nyumbani mwako kwenda ziwani, muulizeni maswali matano mkiwa mmeketi mezani: Chombo ni kipi? Nani nahodha? Jaketi liko wapi? Leseni ipo? Saa ngapi utarudi? Akiyajibu yote, mpeni baraka zenu na mtayarishe sufuria. Akishindwa hata na moja, ndoana ibaki mkebeni siku hiyo. Tahadhari kabla ya hatari. Besi atakuwapo kesho, na sisi tunataka mvuvi naye awepo.